Meksiko ni salama? Tuchukue historia kwanza (sehemu ya 1 hadi ya 6)

SEHEMU YA 1: Wanaouliza ni wa aina mbili

Tangu niliposema nitaandika kuhusu afya na usalama wa safari, swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Nesi, Meksiko ni salama?"

Nikiwaangalia wanaouliza, naona makundi mawili. Kundi la kwanza ni mama anayeishi Marekani, tuseme Texas au California. Likizo ya shule inakaribia, watoto wanataka bahari, na tiketi za Cancún ni nafuu. Au ameambiwa kutengeneza meno Tijuana ni bei ya chini kuliko kwa daktari wa mtaani kwake. Kundi la pili huandika usiku. Ndugu yake katoka Kongo, kapanda ndege hadi Brazili, sasa anakuja kwa miguu na mabasi kuelekea kaskazini, na ujumbe wake wa mwisho umetoka mahali panapoitwa Tapachula.

Wote wanatumia neno moja, salama. Lakini wanauliza vitu viwili tofauti kabisa, na ukitoa jibu moja kwa wote utampoteza mmoja wao.

Mgonjwa akija na homa, nesi hakimbilii panadol. Anauliza kwanza: imeanza lini, umesafiri wapi, nani mwingine nyumbani anaumwa? Hiyo ndo tunaita kuchukua historia. Nataka tuifanyie Meksiko vivyo hivyo, maana habari za mtandaoni zinakuonyesha homa tu.

Tuanze na vipimo viwili. Kila mwaka Meksiko inapokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 40, na walio wengi mno wanarudi kwao na picha za ufukweni na ngozi iliyoungua jua. Nchi hiyohiyo, kila mwaka kati ya 2018 na 2023, ilihesabu watu zaidi ya 30,000 waliouawa. Walio wengi mno kati yao ni Wameksiko wenyewe. Vipimo vyote viwili ni vya kweli kwa wakati mmoja.

Pili, nchi ni kubwa, imezidi Tanzania mara mbili kwa eneo, na ina majimbo 31 pamoja na jiji kuu. Tangu 2018 serikali ya Marekani inatoa tahadhari ya safari kwa kila jimbo peke yake, kwa madaraja manne. Tamaulipas, mpakani mwa Texas, imekuwa daraja la nne: usisafiri. Yucatán imekuwa daraja la kwanza: chukua tahadhari za kawaida. Kwa hiyo ukisikia "Meksiko kumeharibika", uliza Meksiko ipi.

Jambo moja ninalotaka mlishike katika sehemu zote sita ni hili: kwa zaidi ya miaka 100, mgeni nchini humo amelindwa na mtu atakayeuliza yuko wapi, na pia na uzito wa sauti ya huyo anayeuliza. Wageni wenye watu wakubwa nyuma yao wakifa, dunia inasimama. Wasio na mtu wamekufa kwa mamia, na wengi wao hadi leo hawana hata majina. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Wachina wa Torreón na Wamarekani wa Santa Isabel

Mwaka 1911 Meksiko ilikuwa ndani ya mapinduzi. Rais Porfirio Díaz alikuwa ametawala miongo mingi, na wapiganaji wa Francisco Madero walikuwa wanateka mji mmoja baada ya mwingine.

Torreón, kaskazini mwa nchi, ulikuwa mji wa reli na pamba. Wachina mia kadhaa walikuwa wamehamia pale wakajijenga. Walikuwa na maduka, sehemu za kufulia nguo, bustani za mboga nje ya mji, hadi benki yao wenyewe. Mnajua jinsi inavyokuwa mgeni akianza kufanikiwa kuliko mwenyeji. Maneno yakaanza: wanachukua kazi zetu, wanatubania biashara.

Wapiganaji walipouteka mji, kati ya tarehe 13 na 15 Mei 1911, wao pamoja na raia wa mjini waliwageukia Wachina. Waliwatoa madukani na bustanini, wakawaua kwa risasi na mapanga. Waliokufa ni 303, karibu nusu ya Wachina wote wa mji ule. Baadaye ikasemwa kwamba Wachina ndio walioanza kufyatua risasi. Uchunguzi ukafanyika na madai hayo yakaonekana ni ya uongo.

Serikali ya China ilidai fidia. Meksiko ikakubali kulipa peso milioni 3.1. Lakini mwanzoni mwa 1912 utawala wa kifalme wa China ukaanguka, na mwaka 1913 Madero naye akapinduliwa na kuuawa. Aliyekuwa anadai hayupo, aliyeahidi hayupo. Fedha hazikulipwa. Mwezi Mei 2021 ndipo Rais Andrés Manuel López Obrador alipokwenda Torreón kuomba radhi kwa niaba ya taifa. Miaka 110 baadaye.

Sasa linganisha na hii. Januari 1916, karibu na Santa Isabel katika jimbo la Chihuahua, watu wa Pancho Villa walisimamisha treni iliyobeba Wamarekani wafanyakazi wa mgodi. Waliwashusha, wakaua zaidi ya 15. Marekani nzima ikawaka. Machi 9 mwaka huohuo Villa akavuka mpaka na kuushambulia mji wa Columbus, New Mexico. Haikupita wiki, Jenerali Pershing akaingia Meksiko na maelfu ya askari. Walikaa hadi Februari 1917 wakimsaka Villa, na hawakumpata.

Sisemi maisha ya yule mfanyakazi wa mgodi yalikuwa na thamani ndogo. Mama yake alilia kama mama wa Mchina. Ninachowaonyesha ni kwamba mapema kabisa watu wenye bunduki katika nchi ile walijifunza somo: kuna mgeni ukimgusa utaletewa jeshi, na kuna mgeni ukimgusa utaletewa barua. Somo hilo halijasahaulika.

SEHEMU YA 3: Guadalajara, Matamoros na teksi za kijani

Turuke hadi miaka ya 1980. Kokeini kutoka Kolombia ilikuwa inapita Karibi kwenda Miami. Marekani ilipobana njia hiyo, mzigo ukahamia nchi kavu, kupitia Meksiko. Wakulima wa bangi na kasumba wa Sinaloa, ambao tayari walikuwa na njia zao, wakawa matajiri wakubwa. Walihamia Guadalajara, mji mzuri, wakanunua majumba na mahoteli. Wakanunua na polisi.

Tarehe 30 Januari 1985 Wamarekani wawili waliingia kula katika mgahawa mmoja wa Guadalajara. Ndani mlikuwa na wakuu wa genge wakisherehekea, wakadhani hao wawili ni wapelelezi. Waliteswa, wakauawa, na miili yao ilipatikana miezi kadhaa baadaye. Wiki moja tu baada ya tukio hilo, tarehe 7 Februari, genge lilimteka mpelelezi wa kweli: Enrique Camarena wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Mwili wake ulipatikana Machi 5, pamoja na wa rubani wa Kimeksiko aliyefanya naye kazi, Alfredo Zavala.

Marekani ilijibu kwa kukagua gari moja moja mpakani hadi foleni zikawa za masaa na biashara ikakwama. Meksiko ikalazimika kuchukua hatua. Rafael Caro Quintero, mmoja wa wakuu wa genge, alikamatwa Costa Rica mwezi Aprili. Mahakama ya Meksiko ilimwachia 2013, akakamatwa tena 2022, na Februari 2025 akakabidhiwa Marekani. Miaka 40 hawakuacha kuuliza habari za mtu wao.

Kisa cha pili ni cha Matamoros, mji unaotazamana na Brownsville, Texas. Machi 1989, wakati wa likizo ya vyuo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas alivuka daraja na wenzake kwenda kwenye baa, akapotea. Familia yake haikulala. Walibandika picha, walikwenda kwenye televisheni, waliwabana wakubwa. Mwezi uliofuata polisi wakafika kwenye shamba la genge lililochanganya dawa za kulevya na uchawi, wakamkuta kijana kazikwa. Kwenye shamba hilo kulifukuliwa miili mingine zaidi ya 10. Ilikuwa pale muda wote. Iliyoizindua nchi ni familia moja iliyokuwa na njia ya kupaza sauti.

Mwishoni mwa 1994 peso ikaporomoka. Watu wakapoteza kazi na akiba, na wizi ukapanda Mexico City. Hapo ndipo teksi za Volkswagen za kijani, zile ndogo za mgongo wa kobe, zilipopata sifa mbaya. Gari lile lina milango miwili tu, na madereva waling'oa kiti cha mbele ili abiria waingie kwa urahisi. Kumbe ukishakaa nyuma huna pa kutokea. Dereva akiwa mwizi, anasimama kona fulani, wenzake wawili wanaingia, unazungushwa kwenye mashine za kutolea pesa hadi kadi iishe. Ushauri mnaosikia hadi leo, usipunge teksi barabarani Mexico City, ita kwa simu au chukua kituoni, ulizaliwa katika miaka ile. Bado ni ushauri mzuri.

SEHEMU YA 4: San Fernando

Hii ni sehemu nzito. Mwenye mtoto anayesoma simu yako, ngoja alale kwanza.

Desemba 2006 Rais Felipe Calderón alituma jeshi kupambana na magenge. Wakuu wengi walikamatwa au kuuawa. Ila ukikata kichwa cha genge, mara nyingi mwili unagawanyika vipande vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe. Vipande vidogo havina mtandao wa kusafirisha kokeini, kwa hiyo vinatafuta pesa kwa walio karibu: kutoza maduka ada ya "ulinzi", kuiba mafuta, na kuteka watu.

Na njiani kulikuwa na watu wengi wa kuteka. Kila mwaka malaki ya watu kutoka Honduras, Guatemala, El Salvador na kwingineko walikuwa wanavuka Meksiko kwenda Marekani. Hawakuwa na vibali, hawakwenda polisi, walipita njia za kificho. Wengi walipanda juu ya mabehewa ya treni za mizigo, treni waliyoibatiza jina la Mnyama. Tume ya haki za binadamu ya Meksiko ilihesabu wahamiaji 9,758 waliotekwa kati ya Septemba 2008 na Februari 2009. Miezi sita. Fidia ilikuwa wastani wa dola 2,500 hivi kwa kichwa.

Naomba muelewe jinsi inavyofanyika, maana inawahusu ninyi mnaopokea simu. Watekaji hawamwombi pesa aliyetekwa, hana. Wanataka namba. Namba ya kaka aliye Houston, ya shangazi aliye Los Angeles. Wanampiga hadi aitoe, kisha wanapiga simu huku mnamsikia analia. Kwa wasio na namba ya kutoa, au ndugu wasio na pesa, kilichofuata mara nyingi kilikuwa kulazimishwa kufanya kazi ya genge, au kifo.

Agosti 2010, katika wilaya ya San Fernando, jimbo la Tamaulipas, kijana mmoja wa Ekwado mwenye jeraha la risasi shingoni alijikokota hadi kwenye kizuizi cha wanajeshi wa majini. Aliwaambia kuna ghala. Walipofika, tarehe 24, walikuta miili ya watu 72, wanaume 58 na wanawake 14. Walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kati na Kusini, na mmoja wa India. Waliofanya hivyo ni genge la Zetas, lililoanzishwa na wanajeshi walioasi. Mwaka uliofuata, 2011, wilaya hiyohiyo yakafukuliwa makaburi ya halaiki yenye miili 193. Wengi wao walikuwa abiria waliosimamishwa barabarani na kushushwa kwenye mabasi ya kawaida, wakiwemo Wameksiko wengi. Mabegi yao yalifika kituo cha mwisho bila wenyewe, yakakaa pale bila mtu kuja kuyachukua.

Hilo la mabegi ndilo linaloniuma zaidi. Mabasi yalikuwa yanafika na mabegi yasiyo na watu, na safari zikaendelea.

Sasa watu wetu wako wapi katika hadithi hii? Wapo. Miaka ya karibuni Wakongo, Wakameruni, Waangola na wengine wamekuwa wakiruka hadi Brazili au Ekwado, wakikata msitu wa Darién kati ya Kolombia na Panama, na kuingia Meksiko kupitia Tapachula, mpakani mwa Guatemala. Zamani walipewa karatasi ya kuwaruhusu kuondoka nchini, wakaitumia kufika kaskazini. Mwaka 2019, baada ya Rais Trump kutishia kupandisha ushuru wa bidhaa za Meksiko, karatasi hiyo ikabadilishwa: ukitaka kuondoka, ondokea mpaka wa kusini ulikotokea. Mamia ya Waafrika wakakwama. Walilala kwenye mahema nje ya kituo cha uhamiaji kwa miezi, na watoto wachanga, mvua juu yao. Kiswahili, Kilingala na Kifaransa havikuwasaidia mbele ya ofisa anayejua Kihispania tu. Mtu wa namna hii akitekwa, nani atauliza? Ubalozi gani? Kwa lugha ipi?

SEHEMU YA 5: Akina mama walioamua kuuliza

Nimewapa mazito mfululizo, leo tupumue kidogo. Serikali zilipokuwa kimya, walioamua kuuliza walikuwa akina mama.

Mwaka 1995, katika kijiji kimoja cha jimbo la Veracruz kinachoitwa La Patrona, akina dada wawili walikuwa wanarudi dukani na mikate na maziwa ya nyumbani. Treni ya mizigo ikapita, na vijana waliokaa juu yake wakawapigia kelele: mama, tuna njaa. Wakawarushia kila kitu walichobeba. Walirudi nyumbani wakidhani mama yao atawagombeza. Badala yake familia ikakaa ikapanga kupika zaidi. Tangu hapo wanawake wa kijiji hicho, wanaojulikana kama Las Patronas, wanapika wali na maharage, wanafunga kwenye mifuko, wanasimama kando ya reli na kuirusha treni ikiwa inakwenda. Mwaka 2013 mmoja wao, Norma Romero, alipewa tuzo ya taifa ya haki za binadamu.

Kule Tenosique, kusini, kuna nyumba ya kupokea wahamiaji inayoitwa La 72. Jina ni la wale 72 wa San Fernando. Mhamiaji akifika anapata chakula, mahali pa kulala na mtu wa kuandika jina lake. Hilo la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Halafu kuna msafara wa akina mama wa Amerika ya Kati. Kwa miaka mingi, wanawake kutoka Honduras, Guatemala, El Salvador na Nicaragua wamekuwa wakiingia Meksiko kwa mabasi, picha za watoto wao zikining'inia shingoni. Wanapita njia ileile ya wahamiaji. Wanaingia hospitali, magereza, madanguro, viwanja vya miji, wanaonyesha picha. Wamewahi kuwapata wengine wakiwa hai, watu ambao kwao walishaliliwa.

Na waliokufa? Kuanzia 2013 wataalamu wa Argentina wa kutambua mabaki ya binadamu walikubaliana na serikali ya Meksiko kushughulikia miili ya San Fernando. Kama nesi niwaeleze kwa kifupi: mfupa mmoja ukitoa vinasaba vinavyosomeka, vinahitaji cha kulinganishwa nacho. Tone la damu la mama, au usufi uliopitishwa ndani ya shavu lake, vinatosha. Lakini lazima mama huyo ajulikane yuko wapi, na awe ameshasema kwamba mwanangu hayupo. Bila mwenye kuuliza, maabara haina kazi ya kufanya.

Nimalizie na Miriam Rodríguez, mwanamke wa San Fernando hapohapo. Binti yake Karen alitekwa. Familia ililipa fidia na mtoto hakurudi. Miriam akaamua kuwatafuta mwenyewe waliohusika. Aliwafuatilia mmoja mmoja, akabadili mwonekano, akakusanya majina, akawapelekea polisi kila kitu mkononi. Kadhaa walifungwa. Alianzisha kikundi cha familia zilizopotelewa. Tarehe 10 Mei 2017 alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Meksiko huadhimisha siku ya mama kila tarehe 10 Mei.

Mwezi Mei 2022 orodha rasmi ya waliopotea Meksiko ilivuka watu 100,000. Akina mama wanaendelea kutoka Jumamosi na Jumapili, koleo begani, wakichimba vichakani.

SEHEMU YA 6: Basi tufanyeje?

Tuje karibu na leo. Machi 3, 2023, Wamarekani wanne waliingia Matamoros kwa gari. Mmoja wao alikuwa mama aliyekuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Walishambuliwa kwa risasi na kutekwa. Wawili walikufa, na risasi iliyopotea ilimuua pia mwanamke wa Kimeksiko aliyekuwa anapita. Ndani ya siku nne manusura walipatikana. Kisha ikatokea ajabu: genge likawaacha wanaume watano wamefungwa kamba barabarani, na barua ya kuomba radhi. Mnakumbuka Guadalajara na zile foleni za mpakani? Magenge yanapiga hesabu.

Mwaka 2024, karibu na Ensenada, ndugu wawili wa Australia na rafiki yao Mmarekani waliokwenda kucheza na mawimbi waliuawa. Mama wa hao ndugu aliona hawajafika walikopanga kulala, akaandika mtandaoni mara moja kuomba msaada. Baada ya siku chache wakapatikana ndani ya kisima. Mlikuwa na mwili wa nne humo, uliokaa muda mrefu zaidi. Ni kama lile shamba la 1989.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama wa kwanza: ndiyo, watu wanakwenda Cancún na Mérida na kurudi salama kila siku. Fanya haya:

1. Angalia tahadhari ya jimbo unalokwenda, na majimbo utakayopita kwa gari.

2. Endesha mchana tu, tumia barabara za kulipia. Namba ya dharura ni 911. Ukiharibikiwa njiani piga 078, ni ya Malaika wa Kijani, mafundi wa serikali wanaosaidia wasafiri barabarani.

3. Mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yako, jina la hoteli, na saa ya kuwasiliana. Kubalianeni: nisipopiga hadi saa fulani, usingoje asubuhi.

4. Ukipigiwa simu kwamba mtoto au mume katekwa, kata, umpigie mwenyewe. Kuna utapeli mkubwa wa utekaji wa uongo, ambapo mtu yuko salama hotelini na familia inatuma pesa. Wekeni neno la siri la familia.

5. Usinunue vidonge kwenye maduka ya dawa ya watalii ukadhani ni vilevile vya nyumbani. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliripoti kwamba vidonge vilivyouzwa kwenye baadhi ya maduka ya kaskazini mwa Meksiko vilikuwa na fentanili au methamfetamini. Kidonge kimoja cha fentanili kinatosha kuua.

6. Upasuaji wa bei rahisi, hapa nitasema kama nesi. Mwishoni mwa 2022 huko Durango wanawake waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali binafsi walianza kuumwa kichwa kisichoisha. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, iliyoingia kupitia sindano ya ganzi ya mgongoni. Zaidi ya 30 walifariki. Mwaka 2023 ugonjwa huohuo ukawapata waliofanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki mbili za Matamoros, wakiwemo Wamarekani. Dalili huweza kuchukua wiki kadhaa kutokea. Kama umechomwa ganzi ya mgongo nje ya nchi na una kichwa kinachouma, shingo ngumu au homa, nenda hospitali leo na useme wazi ulipofanyiwa. Usione aibu.

Kwa wewe unayeandika usiku, ndugu yako yuko njiani. Siwezi kukuambia njia ile ni salama, nitakuwa nakudanganya. Kama bado hajaondoka, msomee sehemu ya 4 kabla hajauza kiwanja. Kama ameshaondoka, fanya haya:

1. Akariri namba mbili kichwani, moja ikiwa ya mtu asiyetetereka kirahisi. Simu huibiwa.

2. Akutumie picha ya nyaraka zake na jina la kila mji anaofika. Wewe andika kwenye daftari: mji, tarehe, saa, aliokuwa nao na namba zao.

3. Andika alama za mwili wake: kovu, jino lililovunjika, mfupa uliowahi kuvunjika, urefu. Najua inatisha. Imesaidia familia nyingi.

4. Mwambie apite kwenye nyumba za wahamiaji kama La 72, na akubali jina lake liandikwe.

5. Akikaa kimya kupita kawaida, usione haya kwa sababu hana vibali. Wasiliana na Msalaba Mwekundu wa nchi unayoishi. Wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana na hawaulizi vibali. Tafuta pia ubalozi wa nchi yake unaoshughulikia Meksiko, maana nchi zetu nyingi hazina ofisi huko na jukumu hukabidhiwa ubalozi wa nchi jirani.

Wachina wa Torreón walikuwa na serikali iliyoanguka. Wale abiria wa San Fernando walikuwa na mama zao, lakini mama hao hawakujua mlango wa kugonga. Ndugu yako hana jeshi nyuma yake. Ana wewe na daftari lako. Anza kuliandika usiku huu, na kama hujui uanzie wapi, niandikie inboksi tupange pamoja.